Maji Kinywani mwa Baba Mkubwa

Mtakaosoma haya, nawaomba radhi mapema. Niliishia darasa la saba, na tangu siku hiyo sijaandika kitu kirefu zaidi ya salamu za kumpelekea baba kwenye kiwanda cha mbao huko Shume. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, na pengine nimekosea neno nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, na mama huniuliza kama naandika au nashona. Lakini kusema mbele za watu siwezi kabisa. Hata kwenye mkutano wa kijiji hukaa nyuma ya akina mama wenye migongo mipana. Kwa hiyo nimeona kalamu ni afadhali.

Juma lililopita tulibomoa nyumba ya baba mkubwa. Yeye mwenyewe tulimzika kabla ya masika, na nyumba nayo ikaanza kumfuata, ukuta wa nyuma ukapiga magoti, tukaogopa usije ukaangukia watoto. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo kama za wengine, ila ndani alikuwa ameibandika magazeti kutoka chini mpaka darini, kwa uji wa unga wa muhogo. Nilipopiga jembe la kwanza, kipande kizima cha ukuta kilianguka na magazeti yake, ikatoka harufu ile niliyoijua: uji uliochacha, masizi, karatasi kuukuu na panya. Niliweka jembe chini nikaenda kusimama migombani. Mama alidhani vumbi limeniingia machoni, nami sikumkatalia.

Nilijifunza kusoma kwenye ukuta ule kabla sijaandikishwa shule. Kurasa za juu nilizisoma nikiwa nimebebwa mgongoni, za chini nilizisoma nikiwa nimelala kwa tumbo. Nyingine alizibandika kichwa chini miguu juu, akizitaka tu zizuie upepo, nami nikazisoma hivyo hivyo, hata darasa la kwanza mwalimu alishangaa kuona naweza kusoma kitabu chake nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza. Maandishi ya baba mkubwa mwenyewe hayakuwamo ukutani. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akasema mtu akishakata kucha hazibandiki ukutani.

Watu walimwita Mwandishi. Mimi nilidhani Mwandishi ni cheo, kama katibu au balozi wa nyumba kumi, na kwamba lile koti lake refu la kijivu alipewa na serikali pamoja na cheo hicho. Mimi aliniita Mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Hakuwa na mtoto. Mchana alikula kwetu, na mama yangu alimpelekea sahani kila jioni kwa heshima zote, maana yeye alikuwa kaka mkubwa wa baba.

Maisha yake hakuwahi kunisimulia yote kwa mara moja. Yalitoka vipande vipande, tukipukuchua maharage, na kipande kingine kikija baada ya mwezi mzima. Nimeviunga mwenyewe.

Alipokuwa mvulana alipelekwa shule ya misheni. Kila asubuhi kabla ya kengele, wenzake wakifagia, yeye alikwenda uani kwa mchungaji Mzungu kupima mvua. Palikuwa na chombo cha shaba juu ya nguzo. Aliyatoa maji yaliyoingia usiku, akayamimina kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akaangalia yamefika wapi, akamwambia mchungaji, akayamwaga. Nyumbani kwao, baba yao alikuwa mtu wa baraza la zumbe, yaani mtawala wetu wa zamani, na hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mvua ni ya zumbe. Akiridhika anaiachia, akikasirika anaizuia. Na wakuu wawili wakishindana, nguvu kwa nguvu, mvua haijui imtii nani, na nchi inaharibika. Wazee wetu huita hivyo kubana shi. Wakipatana, nchi inapona, na hiyo ndiyo kuzifya shi. Si hadithi ya watoto. Watu wazima walilima na kuoa na kuhama kwa kufuata hayo.

Basi mwaka mmoja zumbe alikasirikia mlima wetu mzima, akasema hadharani kwamba tutakula vumbi. Na kile chombo cha shaba kikajaa mpaka kikamwagika. Yule mvulana alirudi nyumbani na wakati wa chakula akamweleza baba yake alichokiona. Baba yake hakumpiga. Alisogeza tu sahani, akaiondoa mbele ya mwanawe, akaiweka mlangoni, na tangu jioni ile mvulana akawa anakula peke yake mlangoni. Baba mkubwa alisema kipigo angekwisha kukisahau.

Akasoma mpaka akawa mwalimu, akaanza kuandika kwenye magazeti ya Kiswahili. Hakuandika kwamba Wazungu waondoke, maana siku hizo, alisema, hakuna aliyeliwaza hilo kwa sauti. Alitaka mambo yatengenezwe. Wasichana nao waingie darasani. Zumbe achaguliwe na watu. Mtu anayelipa kodi aulizwe kodi hiyo ifanye nini. Akaandika pia juu ya mvua, kwamba haina mwenyewe. Halafu ikaja amri ya matuta, wale wenye mama wa umri wa mama yangu wamesimuliwa: wanawake wakachimbishwa matuta kwenye miteremko, watoto mgongoni, na aliyekataa akafungwa. Amri ilikuwa ya bwana shauri, Mzungu aliyetawala wilaya, lakini aliyeisimamia kwetu alikuwa zumbe. Baba mkubwa akaandika hilo, na majina ya vilima akayataja. Aliondolewa kazi ya ualimu. Baadaye akaambiwa asionekane tena mlimani, akaishi nyikani.

Sisi tunaokaa upande huu wa Mtae, ukisimama ukingoni unaiona nyika yote chini, imetandikwa kama ngozi iliyoanikwa. Huko ndiko alikokaa, akitazama juu kwao. Mkewe alimfuata, homa ya huko ikamchukua, akazikwa huko. Mimi nilipokuwa mdogo nilimwona kila jioni ameketi ukingoni anatazama chini, na nilidhani anatafuta mbuzi.

Uhuru ulipokuja alirudi, na nasikia alibebwa mabegani kutoka barabarani. Uzumbe ukafutwa. Zumbe akabaki mzee wa kawaida kwenye nyumba yake ya mlima wa pili, bonde moja kutoka kwetu, akilima viazi vyake kwa mkono wake, ingawa akina mama bado walimwamkia wakiwa wameinama mpaka chini. Yeye na baba mkubwa walikuwa hawasalimiani. Wakikutana gulioni walipishana kama kuta mbili zinazotembea.

Hapo ndipo mambo yangu yanapoanzia, maana hayo mengine ni ya kusimuliwa.

Mtaikumbuka miaka ile ya unga wa njano. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Vuli haikuja kabisa. Masika ikaja kama ukungu tu, ikalowesha nywele zetu na kuuacha udongo mkavu. Majani ya maharage yakajikunja kama masikio ya mtu asiyetaka kusikia. Kijito tulichoteka maji kikawa uzi, tukawa tunapanga foleni na kuchota kwa kata, na aliyekuja mwisho alichota matope. Unga ulipoletwa na lori tuliupika, ukanuka gunia, na mdogo wangu wa mwisho akaukataa. Alikuwa hajatembea bado. Nywele zake zilibadilika zikawa na rangi ya ndevu za mahindi, na akawa halii tena, jambo lililomtisha mama kuliko kilio. Mchungaji alituombea kanisani. Waislamu walitoka kwenda kusali uwanjani juani, wazee kwa watoto, nasi tulisimama pembeni tukiwaitikia moyoni. Mawingu yalikuja kila mchana, yakasimama juu ya bonde, yakarudi.

Sasa, tangu aliporudi kutoka nyikani, baba mkubwa alikuwa amesimamisha nguzo uani kwake na kuweka kopo juu yake, na kila asubuhi alikwenda kuchungulia ndani. Mimi niliamini kwamba kopo lile ni dawa yake. Hakuna aliyenifundisha. Niliyaunga mwenyewe kutokana na mazungumzo ya akina mama kijitoni. Zumbe ana mvua mlima ule, Mwandishi ana kopo mlima huu, na mvua imesimama katikati ya bonde haijui imtii nani. Nikitazama juu niliyaona mawingu yamesimama pale pale hasa. Ningekosaje kuamini?

Nakumbuka foleni ya maji siku moja, mama mmoja akiuliza kopo lile linakinga nini kama si mvua yetu. Mwenzake akamwambia kama lingekuwa linakinga si lingejaa. "Wewe nawe," akajibu wa kwanza, "halikingi, linaikamata ingali hewani." Wakacheka kidogo, halafu wakaniona, wakanyamaza. Yule wa kwanza akanipisha nichote kabla yake. Kupishwa kule kuliniuma kuliko maneno.

Jioni baba mkubwa alifundisha kisomo cha watu wazima kwenye darasa letu. Walikuja akina mama wengi, mama yangu akiwamo, wakibanana kwenye madawati ya watoto. Wakaanza kupungua. Mmoja akasema anaumwa mgongo, mwingine akasema ana mgeni. Mwisho akabaki mama peke yake, akisoma kwa sauti ndogo, na baba mkubwa amesimama na chaki mbele ya madawati matupu, akifundisha kama vile yamejaa.

Ndipo wazee walipokuja kwake, na katibu wa kijiji pamoja nao, kijana aliyevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne. Mimi nilikuwa napukuchua. Walisalimiana kirefu, wakazungumza habari za viazi, na mwishowe wakasema walichokijia. Walitaka ang'oe kopo, na aende kwa zumbe wakapulize maji.

Kwa wasiotoka kwetu nieleze. Watu wawili wakiwa na kinyongo, na ikaaminika kinyongo chao kinawaumiza wengine, huwekewa kibuyu kimoja cha maji mbele ya watu. Kila mmoja hushika maji kinywani, akayapuliza chini kama umande, akasema moyo wangu mweupe. Kinachotoka na maji ni kinyongo. Anayeyameza amekimeza kinyongo chake, kimebaki tumboni, na kila mtoto kwetu anajua kwamba hicho ndicho kinachoua, tena hakimuui aliyekimeza. Kinaua wadogo walio karibu naye.

Baba mkubwa aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawajibu kwa upole kwamba amelala nyikani miaka kwa ajili ya kusema mvua haina mwenyewe, na mkewe bado amelala huko. Leo akipuliza maji atakuwa amesema kwamba mvua ina wenyewe wawili, na yeye mmojawapo.

Katibu akakohoa. Alisema serikali haiamini mambo hayo, na yeye binafsi haamini. "Lakini mzee wangu, watu wakitulia roho, shamba la kijiji litalimwa. Sasa hivi wananiambia nilime vumbi la nani."

"Wewe ulisoma wapi, kijana?"

"Hapa hapa. Ulinifundisha wewe."

Wazee waliondoka bila kuaga vizuri.

Jioni hiyo mama alimpelekea chakula, mdogo wangu mgongoni, nami nikabeba maji ya kunawa. Aliweka sahani lakini hakuondoka. Sikuwa nimewahi kumwona mama akisimama mbele ya shemeji yake namna ile, bila kuinamisha uso.

"Shemeji, wewe husema ni maji tu."

"Ni maji tu."

"Basi maji matupu yatakudhuru nini ukiyapuliza?"

Baba mkubwa aliutazama ugali wa njano. "Maji hayatanidhuru. Watakaonidhuru ni wanaotazama. Kesho watasema, hata Mwandishi mwenyewe alikiri."

Mama alifungua kanga, akamshusha mtoto, akamweka mapajani mwa baba mkubwa. "Huyu hajui kusoma," akasema. "Hatasikia watakachosema."

Akatoka, akaniacha mimi pale na birika mkononi. Mdogo wangu hakulia. Alishika kifungo cha lile koti akakitia kinywani, akakinyonya, kama kwamba ndani yake kuna kitu. Baba mkubwa alikaa hivyo muda mrefu, mkono wake umesimama hewani juu ya kichwa cha mtoto bila kukigusa. Chakula kikapoa. Nilitaka kumwambia akubali. Nilitaka kumwambia kwamba naijua dawa yake na sitamsema kwa mtu, aiachie tu mvua. Sikuweza. Hata siku zile sauti yangu ilikuwa ndogo.

Asubuhi nilipoamka, nguzo ilikuwa imeng'olewa. Aliing'oa mwenyewe, akaliweka kopo upande wa kuku wanywee.

Siku ya kwenda kwa zumbe aliniambia nifuatane naye. Mama alinivika gauni la kanisani. Tuliteremka bondeni tukapanda mlima wa pili, na watu wakaongezeka nyuma yetu njia nzima. Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto.

Nilikuwa nimemtarajia zumbe mtu mkubwa. Alikuwa mzee mwembamba kwenye kigoda, mwenye udongo wa viazi kwenye kucha, na alipoinuka ilibidi ashikwe. Walisimama wakatazamana. Mimi nilikuwa kati yao, chini, kimo cha mikono yao.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba mimi ni mtungi mtupu," zumbe akasema. Hakusema kwa ukali.

"Niliandika."

"Mimi sikusoma. Wanangu walinisomea."

"Walisoma vizuri?"

"Walisoma kwa sauti kubwa mno."

Nadhani baba mkubwa alikuwa karibu kucheka. Zumbe naye midomo ilimcheza. Kama wangeachwa wawili tu, bila sisi, sijui wangezungumza nini. Lakini kibuyu kilikuwa kimeshaletwa.

Zumbe alitangulia. Alishika maji, akapuliza, yakatoka kidogo kama umande na mengine yakamteremka kidevuni, akasema moyo wangu mweupe kwa sauti iliyokatika. Akina mama wakaguna kwa huruma. Kibuyu kikaja kwa baba mkubwa. Akajaza kinywa, mashavu yakatuna, akainama mbele kabisa. Waliokuwa nyuma waliuona mgongo wa koti ukiinama, wakasikia pumzi ikitoka kwa nguvu. Matone mawili matatu ya midomoni yaliruka. Vigelegele vikapigwa.

Mimi nilikuwa chini yake, natazama juu. Kabla ya ile pumzi niliona koo lake likipanda, likashuka. Aliyameza.

Aliponyanyuka alisema maneno yanayotakiwa, na macho yake yakanikuta. Alijua kwamba nimeona.

Njia ya kurudi sikumshika mkono. Watu waliimba, mama alikuwa analia na kucheka, akinipangusa jasho, akisema mwanangu sasa tutapona. Nami nilikuwa nawaza kile kilichobaki tumboni mwa baba mkubwa, na nani aliye mdogo na aliye karibu naye. Siku zilizofuata, kila nikitoka shule nilikimbia mpaka nyumbani, nikaweka kiganja puani mwa mdogo wangu kuona kama anapumua. Mama aliposhangaa nilisema namfukuzia nzi. Baba mkubwa akija kula nilimchukua mtoto nikamtoa nje. Aliliona hilo. Alikula haraka akaondoka.

Sikumwambia mtu. Mama alikuwa amelala vizuri kwa mara ya kwanza, ningewezaje?

Mvua ilinyesha mchana, tukiwa shamba la shule. Kwanza yalianguka matone makubwa yaliyopiga vumbi mashimo, na ile harufu ikapanda. Mwalimu akatuambia tukimbilie darasani, na hakuna aliyekimbia, wala yeye hakukimbia. Ikamwagika. Wenzangu waliruka wakifungua vinywa. Mimi nilisimama na jembe langu. Kinyongo kimemezwa, zumbe hajapatana na mtu, na mvua inanyesha, inanipiga kichwani, inaingia shingoni. Nilihisi kama mtu aliyekuwa ameegemea ukuta maisha yake yote, akageuka akaona hapana ukuta, na wala hajaanguka. Sikufurahi. Niliogopa zaidi kuliko siku zile za kumchunga mtoto.

Ilinyesha siku nyingi. Watu walikwenda kumshukuru zumbe, na waliporudi wakapita kwa baba mkubwa. Mmoja alimletea kuku. Wengine walimletea ndizi, wakampa mkono kwa mikono yote miwili. Akapokea, akashukuru, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayepokea pole za msiba.

Walipokwisha kuondoka nilikwenda kuketi karibu naye barazani. Mvua ilikuwa inachuruzika kwenye nyasi za paa. Nilikusanya sauti yangu yote.

"Baba mkubwa, uliyameza."

Alitazama uani, penye shimo la nguzo, limejaa maji. "Nilikuwa na kiu, Mama."

"Na mvua imekuja."

"Imekuja."

"Utawaandikia watu?"

Kwangu lilikuwa swali dogo. Yeye alikuwa Mwandishi, kazi yake ilikuwa kuandika mambo kama hayo. Aliendelea kulitazama lile shimo. Halafu akasema, "Nikiwaandikia, watalala wakiiogopa mvua yao wenyewe. Mama yako ataanza kumtazama mtoto kama ulivyokuwa unamtazama wewe." Akainuka, akaingia ndani. Kumbe alijua hata habari ya nzi.

Hakuandika hayo. Si hilo tu, hakuandika neno lolote la gazeti mpaka kufa kwake. Kisomo kilijaa, akina mama walirudi wote, na mama yangu alipata cheti chake, siku hizi anasoma hata karatasi za kufungia chumvi. Mdogo wangu alitembea, akanenepa, sasa yuko darasa la tano na ni mtundu. Baba mkubwa alifundisha vizuri kama zamani. Ila watu walipomwita Mwandishi alikawia kidogo kuitika, kama mtu anayeitwa kwa jina la nduguye.

Kwenye mazishi, katibu wa kijiji, ambaye sasa ana mvi, alisoma historia ya marehemu. Alisema alizaliwa, alisoma, alifundisha. Juu ya matuta hakusema. Juu ya nyika na mama mkubwa aliyelala huko hakusema. Juu ya magazeti alisema marehemu alipenda kusoma. Kisha akasema kazi yake kubwa kuliko zote, ambayo hatutaisahau, ni siku aliyokubali kupuliza maji na zumbe akaiponya nchi yetu, na watu wote wakaitikia, na mama yangu akaitikia kuliko wote. Mama huamini kwamba yeye ndiye aliyemshawishi, na kwamba kwa hilo mwanawe yu hai. Ndilo jambo analojivunia maishani mwake.

Nilikuwa nyuma kama kawaida. Nilisikia wanamzika mtu mwingine.

Sasa nimeandika. Sijui kama nimemtendea haki, au nimemwondolea kitu alichomwachia mama kwa makusudi. Nikimaliza mstari wa mwisho nitaziacha karatasi hizi mezani bila kuzifunika kabla ya kuzituma gazetini, nitwae ndoo nikateke maji, nami najua mama hawezi kuona maandishi akayapita. Ninyi wa umri wangu, kama kwenu alikuwapo mtu wa namna hii, aliyeandika akaacha, nipelekeeni maneno machache kupitia gazeti hili, mniambie mlimsema au mlimnyamazia. Mwandiko mbaya haunisumbui, wangu mmeusikia ulivyo. Andikeni mapema kidogo, maana mama akishasoma, sijui hapa nyumbani nitazungumza na nani.